Ahmad bin Majid: Mwalimu wa bahari aliyehesabu siku za upepo

Kwa muda mrefu jina lake limefungamanishwa na safari moja tu, ile ya Wareno kutoka Malindi kwenda India mwaka 1498. Lakini watu wa pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu hadi visiwa vya Kerimba kaskazini mwa Msumbiji, wana sababu kubwa zaidi ya kumkumbuka Ahmad bin Majid. Aliyaandika maarifa ya kuchagua siku na njia ya kusafiri kwa kufuata upepo, mkondo na nyota, wakati ambapo mabaharia wengi walikufa nayo vifuani.

Rasi ambapo maji hugawanyika

Kusini kidogo ya mdomo wa Mto Ruvuma, karibu na mji wa Palma, nchi kavu huchomoza baharini na kufanya rasi iliyopewa na Wareno jina la Cabo Delgado, yaani rasi nyembamba. Jina hilo baadaye likawa la mkoa mzima. Kwa anayeitazama kutoka ufukweni, rasi hiyo haina cha ajabu: mikoko, mchanga mweupe na minazi. Kwa baharia ni mojawapo ya sehemu zinazohitaji hesabu kali katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Hapo ndipo mkondo mkubwa unaotoka mashariki, baada ya kupita ncha ya kaskazini ya Madagascar, unapoikuta pwani ya Afrika. Maji hugawanyika. Sehemu moja hupanda kaskazini kuelekea Mtwara, Kilwa na Zanzibar. Nyingine hushuka kusini, ikipita nje ya visiwa vya Kerimba na kuingia katika mlango wa bahari ulio kati ya Msumbiji na Madagascar. Upepo nao hubadili tabia. Kaskazini ya rasi, kaskazi na kusi hupokezana kwa utaratibu unaoweza kutegemewa mwaka baada ya mwaka. Kadiri chombo kinavyokwenda kusini, kaskazi huzidi kudhoofika, na nahodha hulazimika kutegemea umande wa alfajiri, matlai na bahati yake.

Katika maji ya namna hiyo, chombo kinaweza kuwa imara, tanga likawa jipya na mabaharia wakawa hodari, na bado wakarudishwa walikotoka kwa sababu waling'oa nanga majuma matatu kabla ya wakati wake. Siku hizi, swali la lini kuondoka na njia gani kufuata hujibiwa na programu za kompyuta zinazopokea utabiri wa hali ya hewa kutoka katika satelaiti. Zaidi ya miaka 500 iliyopita lilijibiwa na watu walioitwa walimu. Katika vyombo vya Bahari ya Hindi, mwalimu hakuwa mtu wa darasani. Alikuwa mwenye dhamana ya kujua chombo kilipo na kinakoelekea. Mashuhuri kuliko walimu wote hao alikuwa Ahmad bin Majid.

Mwana wa Julfar

Ahmad bin Majid alizaliwa Julfar, bandari iliyokuwa katika eneo la Ras al-Khaimah ya leo, Umoja wa Falme za Kiarabu. Tarehe ya kuzaliwa kwake haikuandikwa, lakini wataalamu wengi wanaiweka katika miaka ya 1430. Alizaliwa katika ukoo wa bahari. Babu yake alikuwa mwalimu wa vyombo, na baba yake, Majid bin Muhammad, alijulikana kwa ujuzi wake wa Bahari ya Sham, yenye miamba mingi na njia nyembamba. Baba huyo alitunga shairi refu la kuwaongoza mabaharia katika bahari hiyo.

Kijana Ahmad alirithi daftari za wazee wake, lakini hakuzichukua kama msahafu. Alizilinganisha na aliyoyaona mwenyewe baharini, na palipokuwa na tofauti alisahihisha, hata pale kosa lilipokuwa la baba yake. Tabia hiyo ya kupima kila neno kwa safari ndiyo iliyomtofautisha na wengi waliomtangulia. Aliwaheshimu waandishi watatu wa kale waliotajwa na mabaharia kama simba wa bahari, akajihesabu kuwa wa nne wao, lakini hakuficha kwamba baadhi ya waliyoyaandika yalitoka katika masimulizi ya watu kuliko katika safari zao wenyewe.

Mwaka 1462 alikamilisha utungo wake mkubwa wa kwanza juu ya misingi ya elimu ya bahari, ambao ulikuwa wa mashairi. Ushairi huo haukuwa pambo. Baharia aliye juu ya sitaha usiku wa upepo mkali hawezi kufungua kitabu na kuwasha taa, ila anaweza kukumbuka ubeti. Vina na mizani vilikuwa njia ya kuhifadhi vipimo vya nyota, majina ya bandari na tarehe za misimu mahali pasipoweza kulowa maji. Katika maisha yake aliandika kazi zipatazo 40, nyingi zikiwa tenzi, na karibu mwaka 1490 akakamilisha kitabu chake kikuu cha nathari, kinachojulikana kwa kifupi kama Kitab al-Fawaid, yaani kitabu cha mambo ya manufaa.

Hesabu ya siku za upepo

Kitabu hicho kinaeleza dira na mgawanyo wake wa pande 32, nyota zinazochomoza na kutua katika kila upande, dalili za kukaribia nchi kavu kama vile ndege, nyoka wa baharini na rangi ya maji, pamoja na wajibu wa mwalimu kwa chombo na abiria wake. Lakini moyo wa elimu yake ulikuwa hesabu ya wakati.

Ahmad bin Majid alijua kwamba kalenda ya Hijria, ambayo hufuata mwezi na ina mwaka mfupi kwa siku takriban 11 kuliko mwaka wa jua, haiwezi kumwambia baharia kusi litaanza lini. Kwa hiyo misimu ya kusafiri aliihesabu kwa siku kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa jua wenye asili ya Uajemi. Kila safari ilikuwa na siku zake: siku ya kwanza inayofaa kuondoka katika bandari fulani, na siku ya mwisho ambayo akiipita mtu, heri ateremshe tanga na kungoja msimu mwingine. Waswahili waliupokea utaratibu huohuo. Mwaka wao wa jua ulianza siku ya Nairuzi, na siku zilizofuata ziligawanywa katika miongo, yaani makumi, iliyotumiwa na wakulima na mabaharia. Makunduchi, kusini mwa Unguja, bado husherehekea siku hiyo katika Mwaka Kogwa.

Ugumu wa hesabu hiyo unaonekana wazi katika safari ya kutoka pwani ya Waswahili kwenda India. Anayeondoka mapema mno hukutana na kaskazi usoni. Anayechelewa hufika India wakati kusi limechacha, kati ya Juni na Agosti, ambapo bandari za pwani ya magharibi ya nchi hiyo zilikuwa hazifikiki na mabaharia walisema bahari imefungwa. Kilichobaki ni muda mfupi mwanzoni mwa kusi, na mwingine mwishoni mwake, wakati ambao Waarabu waliuita damani na Waswahili huuita demani.

Kujua mahali chombo kilipo kulihitaji kipimo kingine. Walimu walitumia kamali, kibao cha mbao chenye uzi uliofungwa mafundo. Mwalimu aliung'ata uzi kwa meno, akakinyoosha kibao mbele ya jicho, kisha akapima kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari kwa vidole. Safari ya mchana na usiku kuelekea kaskazini moja kwa moja ilihesabiwa kuinua nyota ya kaskazini kwa kidole kimoja, na siku hiyo iligawanywa katika vipande vinane vya saa tatu tatu. Kila kipande kiliitwa zam, neno ambalo katika Kiswahili ni zamu. Nyota ya kaskazini yenyewe iliitwa Jah, na ndiyo sababu mabaharia wa Kiswahili waliuita upande wa kaskazini jaa, kama walivyouita upande wa kusini suheli kwa jina la nyota nyingine.

Njia ya Sofala

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kipimo hicho cha Jah hakifanyi kazi. Rasi ipo zaidi ya nyuzi kumi kusini ya ikweta, na huko nyota ya kaskazini imezama chini ya upeo wa bahari. Mwalimu aliyetoka Kilwa kuelekea kusini alilazimika kugeukia makundi mengine ya nyota, yakiwamo yale yanayoonekana upande wa kaskazini kwa saa chache tu za usiku, na kuyapima katika dakika yalipofikia kimo chao cha juu.

Ahmad bin Majid aliiandikia safari hii shairi maalumu, al-Sufaliyya, lililopewa jina la Sofala, bandari ya dhahabu iliyokuwa kusini zaidi katika Msumbiji ya leo. Shairi hilo linafuata njia ya vyombo kutoka India hadi pwani ya Waswahili na kuteremka hadi Sofala. Hakuna chombo kilichoweza kufika huko bila kupita mbele ya Rasi ya Delgado na mlolongo wa visiwa vya Kerimba, ambavyo hufuatana na pwani kwa zaidi ya kilomita 200, vikiwa na miamba ya matumbawe, mabaraza ya mchanga na mikondo inayobadilika kwa kila maji kujaa na kupwa.

Njia hiyo inaeleza pia utajiri wa Kilwa. Chombo kilichotoka Arabuni au India kwa kaskazi kiliweza kufika Kilwa na kurudi kwa kusi katika mwaka mmoja. Kwenda Sofala lilikuwa jambo jingine, kwa kuwa msimu ungemwacha nahodha njiani. Kwa hiyo wafanyabiashara wengi walikomea Kilwa, na bidhaa zikaendelea kusini kwa vyombo vya wenyeji waliozijua njia za Kerimba. Wenyeji hao, mababu wa Wamwani wa leo, walikuwa na elimu yao wenyewe ya maji yale, ingawa haikuandikwa katika kitabu kilichotufikia.

Machi 1498

Thamani ya elimu hiyo ilionekana pale walipofika watu wasioijua. Mwezi Machi 1498, meza ya pwani hiyo ikiwa katikati ya mabadiliko ya misimu, Vasco da Gama na merikebu zake waliondoka Kisiwa cha Msumbiji kuelekea kaskazini. Upepo ukawaishia, mkondo ukawashika na kuwarudisha kusini, na baada ya siku chache wakajikuta tena karibu na kisiwa walichokikimbia. Iliwabidi kungoja hadi mwisho wa mwezi ndipo wakapata upepo wa kuwatoa.

Tarehe 1 Aprili walifika katika visiwa vya Kerimba. Rubani wa Kiislamu waliyemchukua Msumbiji alikuwa amesema usiku uliotangulia kwamba nchi iliyoonekana ni bara, na kulipokucha ikabainika kuwa ni visiwa. Wareno walimpiga mijeledi, na kisiwa cha kwanza wakakipa jina la aliyechapwa. Jina la rubani mwenyewe halikuandikwa. Siku chache baadaye waliipita Kilwa bila kuweza kuigeukia, kwa sababu upepo na mkondo uliokuwa ukipanda kaskazini havikuwaruhusu. Tarehe 7 wakafika Mombasa, na katikati ya mwezi wakatia nanga Malindi.

Mfalme wa Malindi aliwapa rubani mjuzi. Waliondoka tarehe 24 Aprili, mwanzoni mwa kusi, na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut. Walikuwa wamevuka zaidi ya kilomita 4,000 za bahari bila kuona nchi kwa siku 23, na kuwahi kabla ya bahari kufungwa.

Safari ya kurudi ilikuwa ya namna nyingine. Waliondoka India mapema Oktoba bila rubani wa aina ile, wakati kusi limekwisha na kaskazi halijakaa sawasawa. Bahari ileile iliwachukua karibu miezi mitatu. Mabaharia wapatao 30 walikufa kwa maradhi ya ufizi, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote. Moja yao, São Rafael, ilichomwa moto na wenyewe kusini ya Mombasa. Tofauti ya safari hizo mbili haikuwa merikebu wala ujasiri wa watu. Ilikuwa tarehe ya kuondoka, na mtu aliyejua kuichagua.

Tuhuma iliyodumu

Rubani wa Malindi alikuwa nani? Zaidi ya miaka 70 baada ya tukio hilo, mwanahistoria wa Makka, Qutb al-Din al-Nahrawali, aliandika kwamba aliyewaonyesha Wareno njia alikuwa Ahmad bin Majid, na kwamba alifanya hivyo akiwa amelewa. Katika miaka ya 1920, mtaalamu Mfaransa Gabriel Ferrand, ambaye alifanya kazi kubwa ya kuchapisha hati za mwalimu huyo zilizohifadhiwa Paris, aliikubali habari hiyo na kuieneza. Tangu hapo vitabu vingi vya shule vimeirudia, na mtu aliyetumia maisha yake kuwaokoa mabaharia akatajwa kuwa ndiye aliyewafungulia mlango wavamizi.

Ushahidi wa tuhuma hiyo ni dhaifu. Waandishi wa Kireno waliokuwa karibu zaidi na safari hiyo hawamtaji Ahmad bin Majid. Wanamtaja rubani kuwa mtu wa Gujarat, na jina wanalompa, Malemo Caná, linaelekea kuwa cheo tu: sehemu yake ya kwanza ni neno mwalimu, na ya pili inafanana na neno la Kihindi la mtaalamu wa nyota. Mwaka 1498 Ahmad bin Majid alikuwa mzee aliyepita miaka 60. Shairi la Sofala, lililochapishwa na mtaalamu Mrusi Teodor Shumovsky mwaka 1957 kutoka katika hati iliyohifadhiwa Leningrad, lina mistari inayozungumzia kuja kwa Wafaranji, lakini baadhi ya watafiti wanaamini kwamba mistari hiyo iliongezwa baadaye. Watafiti wengi wa sasa hawaikubali tena habari ya kwamba yeye ndiye aliyekuwa ndani ya merikebu ya Wareno.

Kazi zake za mwisho zenye tarehe ni za karibu mwaka 1500. Baada ya hapo hakuna habari zake, na kaburi lake halijulikani. Katika karne ya 16 Wareno waliishambulia Kilwa, Mombasa na visiwa vya Kerimba, na biashara ambayo alikuwa ameiandikia kalenda yake ikavurugika.

Kilichobaki

Vitabu vyake havikupotea. Mwaka 1554 amiri jeshi wa bahari wa dola ya Osmani, Sidi Ali Reis, alisukumwa na dhoruba hadi Gujarat, na merikebu zake zikaharibika. Akiwa Ahmedabad aliandika kitabu cha elimu ya Bahari ya Hindi, na sehemu kubwa aliitoa katika maandishi ya Ahmad bin Majid, ambaye alimsifu kuwa wa kuaminika mno. Miaka 300 baadaye, mwaka 1854, Mwingereza Richard Burton aliwakuta mabaharia wa Aden wakimsomea Fatiha Sheikh Majid kabla ya kuingia bahari kuu, wakiamini kwamba ndiye aliyeibuni dira. Hakuibuni, lakini dua hiyo inaonyesha alivyokaa katika kumbukumbu za watu wa kazi yake.

Programu za leo za kupanga safari za matanga hufanya kazi inayofanana na yake. Hupewa utabiri wa upepo na mawimbi, nguvu ya mikondo, na mwendo wa chombo kwa kila upande upepo unakovumia. Kisha huchora, saa baada ya saa, mahali ambapo chombo kingeweza kufika, na kuchagua njia yenye muda mfupi au hatari ndogo. Zina uwezo ambao mwalimu wa Julfar hakuwa nao. Kimbunga Kenneth, kilichoipiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019 kwa upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa na kukiharibu vibaya kisiwa cha Ibo, kilikuja mwishoni mwa msimu, mahali ambapo vimbunga vya nguvu hiyo havikuwa vimezoeleka. Hakuna hesabu ya Nairuzi ambayo ingekitaja. Satelaiti zilikiona kikija.

Hata hivyo programu haiwezi kusoma kila fungu la mchanga wa Kerimba, na wengi wanaopita maji hayo hawana kompyuta chomboni. Mwezi Machi 2021, mji wa Palma uliposhambuliwa na watu wenye silaha, maelfu ya wakazi waliukimbia, na wengi wao walifika mji wa Pemba kwa vyombo vya baharini. Kwa watu kama hao, nahodha anayejua upepo wa majira yale na mlango ulio salama kati ya visiwa viwili ni jambo la uhai.

Ahmad bin Majid aliwagawa walimu wa bahari katika daraja tatu. Wa kwanza huenda, mara akapatia na mara akakosea. Wa pili anasifika kwa ujuzi wake, lakini hufa na kusahauliwa pamoja na ujuzi huo. Wa tatu anaijua bahari na kuiandika, ili wafaidike hata wasiomwona. Yeye mwenyewe alifika daraja ya tatu. Rubani aliyechapwa Kerimba, na wenyeji waliozijua njia zile kabla yake, huenda walikuwa wa daraja ya pili, na waliyoyajua hayakutufikia.